Nyumba ya mawe Abruzzo, Italia: tununue ya likizo na kukodisha, au tunaingia mtegoni?

MamaMuheza_Nürnberg

Habari za humu ndani jamani. Mimi ni muuguzi wa nyumba ya wazee hapa Nürnberg, mwaka wa 11 huu. Mume wangu anaendesha lori. Wote tumezaliwa Muheza, ila yeye ameshachukua uraia wa Ujerumani na mimi bado nina pasi ya Tanzania, si mnajua kwetu ukichukua ya pili ya kwanza imekwenda.

Mwenzangu kazini ni mtu wa Abruzzo, huko Italia ya kati, na kwa maneno yake tumeenda likizo mara mbili. Tumepapenda. Milima huku, bahari kule, na wanachoma mishkaki midogo ya kondoo wanayoiita arrosticini, unakula ishirini ukidhani umekula mitano. Mara ya pili tukapitishwa kwenye nyumba inayouzwa: ya mawe, ghorofa moja, vyumba vinne vya kulala, kilomita kama 6 nje ya mji wa Loreto Aprutino, na mizeituni 60. Ukikaa nje asubuhi unaiona Gran Sasso na theluji yake. Bei euro 58,000. Akiba yetu yote ni 75,000.

Dalali anasema Julai na Agosti haitakosa wageni kwa euro 900 kwa wiki, sisi tutaitumia Pasaka na Oktoba, na nyumba itajilipa yenyewe. Anataka nitie sahihi karatasi inaitwa proposta na niweke arubuni ya euro 5,000 kabla ya Ijumaa ijayo, maana kuna Mholanzi naye anaitaka. Kutoka hapa ni kama kilomita 1,100 kwa gari kupitia Brenner, kwa hiyo si mahali pa kukimbilia Jumamosi na kurudi Jumapili.

Kuna aliyewahi kufanya hivi? Je, pasi yangu ina shida? Na hiyo hesabu ya wiki 900 ni ya kweli?

kichwa_ngumu_Kigamboni

Dada, kwa pesa hiyo si ungejenga Pongwe vyumba vya kupangisha? Wapangaji wa Tanga hawangoji Agosti.

MamaMuheza_Nürnberg

Kwetu tumeshajenga, kaka, na mpangaji wa chumba cha mbele ana miezi mitano hajalipa. Naomba turudi Italia.

BintiShela

Usitie sahihi Ijumaa.

Huyo Mholanzi namjua. Mwaka nilionunua mimi alikuwa Mbelgiji, na kwa jirani yangu alikuwa Mwingereza. Kila nyumba huku ina mzungu wake anayekuja kesho na pesa mkononi, na nyumba yenyewe ina kibao cha "vendesi", yaani inauzwa, kimening'inia mpaka jua limekula maandishi.

Mimi ni mtu wa Malindi, Shela. Kitaliano nilikipata jikoni hotelini kama nusu ya mji wetu, nikaolewa, na sasa nina miaka 14 mkoa huohuo wa Pescara. Tunakaa kwa wakwe, lakini 2018 tulinunua nyumba ya mawe bondeni tukaifanya ya kukodisha wageni. Kwa hiyo nakueleza yaliyonikuta, si niliyosoma.

Kwanza hiyo proposta. Usidhani ni karatasi ya kuonyesha nia tu. Mwenye nyumba akishaikubali na ukajulishwa, umefungwa. Hiyo arubuni wanaiita caparra confirmatoria: ukirudi nyuma wewe, imeliwa, akirudi nyuma yeye, anakulipa mara mbili. Mwambie dalali aandike humohumo kwamba ununuzi utasimama endapo tu mpima wako atakuta ramani, vibali na umiliki viko sawa. Akikataa kuandika, hapo una jibu lako na hujapoteza hata senti.

Mpima huyo, geometra, awe wako. Si binamu wa dalali. Mimi nilimlipa euro 700 nikaona ni nyingi. Akaja na ramani ya catasto, ile ofisi ya kumbukumbu za majengo kwa ajili ya kodi, akapanda ngazi, akasimama mbele ya mlango wa bafu la juu. Akatazama ramani. Akatazama mlango. Akaigeuza ramani juu chini, labda ameishika vibaya. Akaniambia, "Signora, hili bafu halipo." Nikamwambia lipo, nimetoka kutumia choo chake sasa hivi. Akasema, "Lipo, lakini halipo."

Bafu lilijengwa miaka ya themanini bila kibali. Zizi la kondoo lililogeuzwa jiko nalo vilevile. Sheria tangu 2010 inataka ramani ya catasto ifanane na nyumba ilivyo siku ya hati, la sivyo hati ni batili. Na catasto peke yake haitoshi, kwa sababu ofisi ya ujenzi ya manispaa ina jalada lake, na hayo mawili lazima yaseme neno moja. Kilichoanza kujengwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1967 kina nafuu yake. Bafu la 1985 halina. Tulimbana muuzaji asawazishe kwa pesa yake, ikachukua miezi mitano. Ningekuwa nimeshatia sahihi bila sharti, ningesawazisha mimi.

Pili, muulize dalali wenye nyumba ni wangapi. Swali hilo hilo, kwa upole. Wetu walikuwa tisa. Babu alikufa, hakuna aliyegawa, watoto wakahamia Argentina na Australia, wakazaa. Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa somo hili, nyumba ya urithi ya Lamu na ya Loreto ni dada wa tumbo moja. Sahihi ya mwisho ilitoka kwa bibi mmoja wa Adelaide kupitia ubalozi mdogo, tukaingojea kama mwezi mwandamo.

Sasa mizeituni, na hapa ndipo niliposhtuka niliposoma swali lako. Nyumba ni kitu kimoja, ardhi ya kilimo ni kingine. Mkulima anayelima shamba linalopakana na lako, akiwa mkulima kwa maandishi, ana haki ya kununua kabla yako kwa bei ileile. Waliokaa darasa la fiqhi watakumbuka shufaa, ni ndugu yake kabisa. Apelekewe taarifa rasmi, apewe siku 30. Asipopelekewa, ana mwaka mzima baada ya hati kusajiliwa kuja kuichukua ardhi kwa bei iliyoandikwa, na wewe umeshapogoa miti. Jirani yangu alikaa kimya mpaka siku ya 28. Akaja na chupa ya mafuta yake mwenyewe, akakaa, akanywa kahawa, akazungumzia mvua saa nzima, akainuka akasema shamba halihitaji. Nadhani alitaka tu nijue kwamba angeweza.

Kodi ya ununuzi kwa nyumba ya pili ni asilimia 9, ila si lazima ipigwe kwenye 58,000. Ukinunua kwa mtu binafsi unaweza kuomba ipigwe kwenye thamani ya catasto, ambayo kwa nyumba za shamba mara nyingi ni ndogo sana. Ardhi ya mizeituni ni asilimia 15 kwa asiye mkulima. Dalali anakula pande zote mbili, kwako asilimia 3 au 4 na VAT ya 22 juu yake. Notaio, yule mwanasheria wa dola anayeandika hati, ana zake. Nyumba yangu ilikuwa ya 46,000 na ilinitoka karibu 55,000 kabla sijanunua hata ndoo.

Na ukiwa hujui Kitaliano, hati inasomwa kwa lugha mbili na mkalimani na mashahidi, au unampa mtu uwakilishi. Mimi nilijiona najua. Kitaliano changu kilikuwa cha kahawa, bili na chumba namba ngapi. Notaio alipoanza kusoma nikawa kama mtalii kwenye mnada wa samaki.

Pasi yako. Hapa kuna sharti la reciprocità. Mtu asiye wa Umoja wa Ulaya, asiye na kibali cha kuishi Italia, anauziwa iwapo Mtaliano naye anaweza kununua kwao. Sasa jiulize mwenyewe: Tanzania mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, Kenya katiba ya 2010 imempa miaka 99 ya kupanga na basi. Mwandikie notaio mapema akuambie msimamo wako. Mume ana pasi ya Ujerumani, yeye hana kikwazo hicho. Lakini akiba ya wawili kwenye hati ya mmoja, hayo ni mazungumzo ya chumbani, mimi simo.

Kukodisha nitaandika jioni, nina wageni wanatoka.

MamaMuheza_Nürnberg

Dada yangu, nimesoma mara mbili. Nilimuuliza dalali wenye nyumba ni wangapi, akasema "familia moja". Nimemuuliza tena, hajajibu.

BintiShela

Familia moja. Haya.

Kukodisha. Euro 900 kwa wiki inawezekana, kwa nyumba yenye bwawa la kuogelea. Hukutaja bwawa. Familia ya Kijerumani yenye watoto wawili, Agosti, joto la 36, itachagua kwanza zenye bwawa, na Gran Sasso yako hawataiona hata kwenye picha. Yangu haina bwawa, naikodisha 650, na wiki za uhakika ni nane. Septemba nikipata mbili nashukuru. Novemba mpaka Machi ni mimi na panya.

Kwenye hayo mapato ya jumla toa asilimia 21 ya kodi ya upangishaji mfupi, hiyo ni kwa nyumba moja. Ya pili ni 26. Toa cha tovuti iliyokuletea wageni. Toa IMU, kodi ya nyumba ya pili, inayolipwa mara mbili kwa mwaka, Juni 16 na Desemba 16. Toa taka, bima, fundi wa kukata nyasi, mtu wa usafi. Mwaka jana nilibakiwa na 2,400, na 1,900 zikaenda kwenye vigae na boriti moja iliyooza. Silalamiki. Nyumba inajitunza, nasi tuna mahali pa kuwaweka ndugu wakija kutoka Malindi. Lakini kujilipa, kurudisha ile 55,000? Wajukuu labda.

Kisha serikali. Tangu 1 Januari 2025 huwezi kutangaza bila CIN, namba ya taifa ya nyumba ya wageni. Iwekwe kwenye kila tangazo na nje ya nyumba. Kuikosa ni faini ya euro 800 hadi 8,000. Uwe na ving'ora vya gesi na vya moshi wa sumu wa jiko, na mtungi wa kuzimia moto angalau mmoja kila ghorofa. Majina ya wageni yafike polisi ndani ya saa 24 kupitia tovuti yao, kila kundi, hata kama ni wale wazee wanaokuja kila mwaka na unawajua mpaka jina la mbwa.

Kitu ambacho hakuna atakayekuambia: umeme. Nyumba nyingi za huku zina mkataba wa kilowati 3. Wageni wangu wa kwanza kabisa waliwasha kiyoyozi, wakaweka kuku kwenye oveni, wakaanzisha mashine ya kufulia. Giza. Na swichi ya mita iko nje, kwenye kisanduku ukutani, nyuma ya kichaka cha miiba. Saa tatu usiku niko pale na tochi mdomoni, kijakazi wa hoteli miaka minane, sasa mwenye nyumba, nachomwa na miiba kwa ajili ya kuku wa mtu. Kesho yake niliomba waniongezee ziwe 6.

Na tetemeko, maana umetaja mlima kwa uzuri wake tu. L'Aquila iko upande wa pili wa mlima huohuo. Aprili 6, 2009, usiku wa manane, watu 309. Mpima atazame paa: kuna nyumba za mawe zilizobebeshwa paa la zege, kichwa kizito juu ya shingo dhaifu. Ukiona vyuma kama misalaba vimetokeza nje ya kuta, usiogope, hivyo vinafunga ukuta kwa ukuta. Ogopa usipoviona.

Ngomeni_wa_Funguo

Nimecheka na kile kichaka. Dada Shela, mimi ni wa Ngomeni, kule kwenye mitambo ya roketi ya Waitaliano, sasa niko Penne, mji jirani na Loreto. Nawatunzia nyumba wageni, kumi na moja kwa sasa, Wanorwe, Wajerumani, Waamerika wawili. Wao wana hati, mimi nina funguo.

Mama Muheza, umeuliza pasi, umeuliza bei, hukuuliza nani atafungua mlango. Jumamosi saa nne asubuhi wa kwanza wanatoka, saa kumi jioni wapya wanaingia. Hapo katikati nina masaa sita tu: vyumba vinne, vitanda saba, mashuka kumi na nne na taulo zake. Mashine moja haitoshi, nayabeba kwangu. Kilomita 6 nje ya mji, tatu za mwisho ni changarawe, nikisahau mto mmoja nimepoteza nusu saa. Nyumba kama hiyo nachaji euro 110 kila mabadiliko. Ya ndani ya mji, 70.

Karo nalo. Nyumba za shamba hazina bomba la maji taka la mji, zina tangi ardhini. Mgeni wa mjini anatupa chooni vile vitambaa vya kufutia watoto. Agosti iliyopita nimefungua mfuniko wa karo la Mnorwe mmoja, sitaeleza zaidi, watu wanakula. Muulize mpima tangi liko wapi na kama lina kibali chake. Kuna mwenye nyumba hapa aliishi miaka minne hajui tangi lake liko chini ya meza yake ya chakula ya nje.

Kiangazi vijiji vingine maji yanakatwa usiku, kwa hiyo uwe na tangi la akiba na pampu. Nguruwe pori watafukua bustani. Hilo halina dawa, mmoja aliweka redio usiku kucha, wakawa wanasikiliza.

Ushauri wangu, na mimi ndiye ninayefua: nunua ukingoni mwa mji, pa kwenda kununua mkate kwa miguu. Wageni wanasema wanataka shamba, siku ya pili wananiuliza duka liko wapi.

Kivu_Lyon

Na zile nyumba za euro 1 za Sicilia, ni kweli? Ndugu yangu ananisumbua kila siku.

BintiShela

Euro 1 ni kweli, Mussomeli na kwingineko. Unachonunua ni ahadi ya kutengeneza: manispaa inataka dhamana, mara nyingi 5,000, na ukarabati ndani ya muda, miaka mitatu hivi. Notaio hachukui euro 1. Na paa la nyumba ya euro 1 liko sakafuni.

MamaMuheza_Nürnberg

Narudi na habari. Nilimwandikia dalali aingize lile sharti la mpima. Akasema "hapa hatufanyi hivyo". Nikasema basi Ijumaa haipo. Jumatatu akapiga mwenyewe, sauti imeshuka. Wenye nyumba ni sita, na mmoja alihamia Venezuela zamani na hawajui kama yuko hai. Mholanzi nimemuulizia, nimeambiwa amebadili mawazo.

Mume wangu alinuna siku mbili, alishawaambia wenzake wa lori kuhusu mizeituni. Juzi akanionyesha simu: nyumba ndani ya Penne kwenyewe, vyumba vitatu, 41,000, mwenyewe ni mmoja, mama mjane. Haina mti hata mmoja. Dirisha la jiko linatazama ukuta wa kanisa. Vile vyuma vya msalaba viko viwili upande wa barabara, nimevikuza kwenye picha mpaka nikavihesabu. Geometra anaenda Alhamisi, wetu, si binamu wa mtu. Notaio nimemwandikia kuhusu pasi, na yale mazungumzo ya chumbani tumeyafanya, hayakuwa mafupi.

Kaka wa Ngomeni, kutoka kwako mpaka hapo kanisani ni muda gani?

Ngomeni_wa_Funguo

Kwa miguu dakika kumi na mbili. Ukiwa umebeba mashuka, ishirini, pale pana ngazi.